Zunbuur wa Birkat al-Mouz

Aliyesoma nahau ya Kiarabu humjua zunbuur kabla hajamwona. Katika chuo cha Kiislamu tulichosomea, mwalimu alitusimulia kisa cha Sibawayhi wa Basra na al-Kisai wa Kufa, waliokutanishwa Baghdad katika baraza la Yahya bin Khalid al-Barmaki wakabishana juu ya sentensi moja. Sentensi hiyo ilimhusu mtu aliyedhani kwamba nge huuma vikali kuliko zunbuur, kumbe wote ni mamoja. Ubishi haukuwa juu ya nge wala juu ya zunbuur. Ulikuwa juu ya kiwakilishi cha mwisho, kiwe katika hali ya raf'u au ya nasbu. Mabedui walioitwa kutoa ushahidi walimuunga mkono al-Kisai, Sibawayhi akaondoka na huzuni yake, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Tulikisoma kisa hicho, tukakifanyia mtihani, tukafaulu. Hapana mmoja wetu aliyeuliza mdudu mwenyewe ana ukubwa gani.

Jibu tulilipata miaka kadhaa baadaye nchini Oman, tulipokwenda kuishi Birkat al-Mouz, mji mdogo wa wilaya ya Nizwa. Tulikuwa watatu: baba, ambaye ndiye anayeandika haya na ambaye alikwenda kuongeza elimu, mama, na binti yetu wa miaka 6. Katika watatu hao aliyekuwa mwoga kupita wote alikuwa baba. Tunalisema mapema ili msomaji asije akadhani kwamba anasoma habari za shujaa.

Jina la mji lina maana ya birika la ndizi, na kweli migomba ipo, imejificha chini ya mitende kama inavyojificha chini ya minazi kwetu Tanga. Juu yake umesimama Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, ambao ukiutazama kutoka bondeni rangi yake ni ya majivu. Ubavuni mwa kilima uko mtaa wa kale wa nyumba za udongo zilizohamwa. Kuta zimebaki, dari zimeanguka. Lakini uhai wa mji ni falaj, mfereji wa maji. Falaj al-Khatmeen ni mmoja wa mifereji 5 ya Oman iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yake hutoka chini ya ardhi, hushuka kwa mteremko tu bila pampu, hupita kando ya ngome ya Bayt ar-Rudaydah, kisha hugawanywa katika njia 3 zilizo sawa. Kwanza watu huchota ya kunywa, halafu ya kuoga na kutawadha, na mwisho maji huenda mashambani, kila mwenye shamba kwa zamu yake. Zamani zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Jioni nyingi tulikaa tukimtazama mtu akiondoa jiwe na matambara kuziba njia hii na kufungua ile, bila kugombana na yeyote. Sisi tuliotoka mahali ambapo bomba moja la mtaa huweza kuvunja ujirani, jambo hilo lilitushangaza kuliko ngome.

Tulifika mwishoni mwa mwezi wa Mei, joto likiwa limekwisha kupita nyuzi 40. Tende zilikuwa zinaanza kubadilika rangi. Zile ziitwazo naghal hutangulia kuiva, na majirani ambao hata majina yetu hawakuwa wameyajua walituletea sahani moja baada ya nyingine. Msikiti wa mtaani kwetu ulikuwa kando ya tawi la mfereji, na watu walitawadha kwa kushuka ngazi 3 mpaka kwenye maji yenyewe. Ni mahali pazuri mno pa kutawadhia. Pana kivuli, na maji yanapita miguuni yakiwa baridi hata saa sita ya mchana.

Hapo ndipo tulipomwona. Walikuwa sita au saba, wametua ukingoni mwa maji wakinywa. Kwetu tunao nyigu wembamba wanaoning'iniza viota darini, na wazee huwataja mavu kwa kuwatisha watoto, lakini hawa walikuwa na ukubwa wa namna nyingine: zaidi ya sentimita 2, rangi ya tofali lililochomwa, uso wa manjano, na mkanda mpana wa manjano tumboni. Walipoinuka walitoa mngurumo mzito, kama pikipiki iliyo mbali. Mzee mmoja alikuwa akinawa miguu katikati yao huku akizungumza, wala hakuwatazama. Baba wa nyumba alijifanya amesahau kitu nyumbani, akageuka. Tulisali adhuhuri hiyo kwa udhu wa bafuni, na kwa miezi minne iliyofuata hatukutawadhia tena pale.

Hofu hii ina historia. Baba aliumwa na kundi la nyuki alipokuwa mtoto, juu ya mchungwa huko Muheza, akaanguka. Lakini mtu mzima mwenye ndevu, aliyesomea dini, hawezi kumwambia jirani yake kwamba haendi msikitini mapema kwa sababu ya mchungwa wa zamani. Basi tulitunga visingizio. Tulisema maji ya mfereji yanatuletea mafua. Tuliacha njia ya kivuli katikati ya mitende, tukapita barabara ya lami juani, tukisema tunataka kujizoesha joto la nchi. Tuliziba nyufa za madirisha kwa gundi ya karatasi hadi nyumba ikawa tanuri. Mama alivumilia na kunyamaza. Binti alitutazama, na kumbe alikuwa akijifunza.

Siku moja ya Agosti, katika rakaa ya tatu ya adhuhuri, zunbuur mmoja aliingia kwa dirisha la msikiti akazunguka juu ya safu. Watu waliendelea na sala yao. Baba alitoka safuni. Hakuondoka kwa hatua moja ya busara. Alitoka mbio hadi uani, akiwa na viatu vya mtu mwingine mkononi. Binti alikuwa kivulini akitungoja. Hakucheka. Kuanzia kesho yake alikataa kwenda kwenye darasa la Qur'ani lililokuwa ng'ambo ya mashamba. Tulipombembeleza, na hata tulipomkaripia, alijibu neno moja tu:

"Baba, wewe uliacha sala."

Hapakuwa na jibu la nahau wala la fiqhi lililofaa pale.

Mwezi wa Septemba aliumwa mara ya kwanza. Aliokota tende chini ya mtende bila kuona kwamba zunbuur yumo ndani yake, akaumwa kidole. Mkono ulivimba hadi kwenye kiwiko, tukauosha kwa sabuni, tukauweka barafu, na baada ya siku mbili ukawa mzima. Katika kilio chake alisema kwamba kitu kilichomuuma kimevaa mkanda. Baba, kwa ada ya wasomi, akakumbuka habari za mtoto wa Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyemjia baba yake akilia kwa kuumwa na zunbuur, akamweleza mdudu huyo kama aliyejifunika nguo za michirizi, na baba akafurahi kwamba mwanawe amezaliwa mshairi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na dawa alimpaka nani?"

Wakati huo tulikuwa tumekwisha kugundua kiota. Kilikuwa ndani ya ukuta wa gofu la udongo lililopakana na uwanja wetu. Kutoka nje lilionekana tundu tu, si kubwa kuliko sarafu, na mavu wakiingia na kutoka, wengine wakitoka na punje za udongo wanazochimba ili kupanua nyumba yao. Laiti tungejua wakati ule tunayoyajua leo, tungefahamu kwamba hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote. Malkia huanza kiota peke yake majira ya kuchipua. Wafanyakazi huongezeka kiangazi kizima. Na kufikia Septemba na Oktoba kundi limefikia ukubwa wake wa juu na lina watoto wengi wa kuwalinda. Mwenye nyumba alisema atawaita watu wanaoshughulikia viota, tusubiri siku chache. Tulisubiri siku mbili. Siku ya tatu baba alinunua mafuta ya taa.

Tunaandika haya kwa aibu, kwa kuwa hapana alichokosa kukijua. Madrasani kwetu Tanga yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha watoto hadithi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja akaamuru kijiji chao chote kiteketezwe, naye akalaumiwa kwa kuwaangamiza umma unaomtukuza Mola kwa kosa la mmoja. Alikuwa pia ameyasoma makatazo ya kuadhibu kwa moto. Ni kweli kwamba wanachuoni wameruhusu kuua kinachodhuru, na zunbuur si nyuki. Lakini mwenye hofu hatafuti ruhusa, anatafuta kiberiti. Na katika ujinga wake alichagua saa saba ya mchana, akidhani wengi watakuwa wametoka kutafuta chakula. Hakujua kwamba mavu wa aina hii, tofauti na wadudu wengi wanaokimbilia kivuli, huchangamka zaidi kadiri jua linavyowaka.

Tambara liliposhika moto tundu lilitapika. Baba aliumwa mara 4, shingoni na mgongoni, akapiga kelele. Binti alisikia kelele za baba yake akafungua mlango kuja kutazama. Mmoja alimuuma chini ya sikio.

Hazikupita dakika 10. Kwanza alisema viganja vinamwasha. Kisha vipele vyekundu vilimtoka tumboni na mapajani, mbali kabisa na alipoumwa. Midomo ikavimba, akatapika, na sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayezungumzia ndani ya mtungi. Jirani aliyekuwa akienda sokoni alitupakia katika gari lake, wala hakutuuliza swali hata moja. Njiani mama alikuwa amempakata, anamsomea, na baba alikuwa akihesabu pumzi za mtoto. Hospitalini muuguzi alimtazama mara moja tu, akamdunga sindano ya adrenalini pajani kabla hata hatujaandikisha jina. Ndani ya dakika chache pumzi ilianza kurudi. Walimlaza mpaka kesho yake kwa kuhofia kwamba hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Daktari alitueleza kwa subira, na maelezo yake tunayaweka hapa kwa manufaa ya wazazi. Kuvimba mahali palipoumwa, hata kukiwa kukubwa, ni jambo la kawaida. Barafu na dawa ya mzio hutosha. Hatari ni pale mwili mzima unapojibu: vipele mwilini kote, midomo au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Hapo hapana kungoja wala kupaka kitu, ni kukimbilia hospitali. Kuumwa mara ya kwanza huweza kupita salama huku mwili ukiwa umeiweka sumu ile katika kumbukumbu zake. Mara ya pili ndiyo huleta msiba. Nyuki wa asali huacha mwiba wake ndani ya ngozi, nao uondolewe upesi iwezekanavyo. Mavu haachi mwiba, kwa hiyo mmoja aweza kuuma tena na tena. Na akipondwa, hutoa harufu inayowaita wenzake. Tulipewa kalamu ya sindano ya adrenalini tuibebe popote binti aendapo, tukafundishwa namna ya kuitumia.

Usiku ule, mtoto alipolala, mama alisema neno ambalo hatujalisahau: "Baba watoto, hawa hawakuja kwetu. Sisi ndio tuliowaendea."

Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa na watu watatu waoga badala ya wawili. Mama, aliyekuwa hana habari na wadudu, alianza kuamka usiku kuangalia shuka. Binti hakutoka nje kabisa. Tulizungumza juu ya kukatisha masomo na kurudi nyumbani, na tulikuwa tumefikia hatua ya kuulizia tiketi.

Aliyetuzuia ni bibi mmoja wa jirani. Alizaliwa Wete, Pemba, akahamia Oman akiwa msichana katika miaka ya sabini, wakati ambapo Waomani wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakirejea baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki kama alivyokibeba, cha Kipemba kitupu. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akaona madirisha yalivyozibwa kwa karatasi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, umewafungia nje wao au umejifungia ndani wewe?"

Alitusimulia kiangazi chake cha kwanza. Huko Pemba aliwajua siafu na nyuki wa mikarafuuni, lakini alipowaona hawa alilia akitaka arudishwe. Mama yake hakumpa hotuba. Alimketisha barazani kila alasiri na kumwambia awahesabu, wangapi wamekuja majini na wangapi wameondoka. "Nikawahesabu mpaka nikachoka nao," alisema. Nyumbani kwake tende zilikuwa zimefunikwa kwa kawa ya ukindu, iliyokuwa imepauka kwa miaka. Hakuna tende, wala nyama, wala juisi iliyokaa wazi kwake, na kwa hiyo mavu walipita uani pake bila kusimama. Kuhusu mavu anayemkaribia mtu alikuwa na kanuni moja: "Simama mfano wa mnazi. Mnazi hauna anachokitaka."

Tulilipokea zoezi hilo kwa kulibadilisha, kwa sababu binti yetu hakuwa kama watoto wengine, na kwake mdudu mmoja ulikuwa ni mzaha usiofaa. Alihesabia ndani, nyuma ya kioo, kalamu ya sindano ikiwa mezani. Karatasi ya gundi tuliiondoa tukaweka wavu. Alikuwa na daftari, ameandika saa na idadi. Katika daftari hilo ndimo tulimogundua, sisi wazazi tuliosoma, kwamba alfajiri hakuna hata mmoja. Kwamba huongezeka kutoka saa nne, hufurika saa sita hadi saa tisa. Kwamba magharibi wameshakwenda. Maana yake ni kwamba sala za alfajiri, magharibi na isha tulizokuwa tukizisali nyumbani kwa hofu zilikuwa hazina mdudu wa kumwogopa. Miezi minne!

Watu walioitwa na mwenye nyumba walikuja usiku, wakiwa na nguo nzito na taa nyekundu, wakakiondoa kiota kwa nusu saa, bila moto.

Tulimtembelea pia mfuga nyuki chini ya mlima. Nyuki wake wanakaa katika magogo ya mitende yaliyotobolewa katikati na kulazwa moja juu ya jingine. Asali ya thamani kubwa kwao ni ya mkunazi, mti uleule ambao majani yake tunawaoshea maiti kwetu. Huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, hasa wakati ambapo mavu ni wengi. Kwa hiyo mtu huyu husimama mbele ya mizinga mchana kutwa na kibao mkononi, akiwapiga mavu mmoja mmoja. Binti alitazama kutoka garini, vioo vimefungwa. Aliona mavu akimnyaka nyuki angani, akatua tawini, akamkata kichwa, mbawa na miguu, akaruka na kipande cha kifua tu. Mfuga nyuki alitueleza kwamba nyama ile hali yeye. Huwapelekea watoto kiotani, na watoto nao humrudishia majimaji matamu ambayo ndiyo chakula chake.

"Kwa hiyo watoto wanawalisha wakubwa?" aliuliza binti.

Ndivyo. Akaandika katika daftari. Mwenyeji wetu aliongeza kwamba tende zilizochachuka chini ya miti huliwa na mavu mpaka zikaisha, na hawapepesuki. Baadaye tulisoma kwamba wataalamu waliochapisha utafiti wao mwaka 2024 waliwapa mavu wa jamii hiyo kileo kikali ajabu bila kuona dalili ya ulevi. Bibi wa Wete tulipomweleza aliomba tusiyaseme hayo mbele ya vijana.

Desemba walipungua. Januari hapakuwa na hata mmoja ukingoni, kwani wafanyakazi hufa baridi iingiapo na malkia wapya hujificha. Ndipo tulipomshusha binti kwenye ngazi zile 3. Mama alitangulia, binti akafuata, baba nyuma na mfuko wa dawa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kinyume na yalivyokuwa kiangazi. Alitia mkono, akautoa, akautia tena. Alitawadha udhu wote, polepole, kama anayefanya mtihani. Siku zilizofuata alikwenda kila alasiri, na darasa lake la Qur'ani alilirudia akiwa nyuma kwa juzuu moja.

Mwezi wa Machi alikuja mmoja, peke yake, mkubwa kuliko wote tuliokuwa tumewaona. Tulikuwa majini, baba na binti, baba mkono wa kulia umelowa hadi kiwikoni. Mdudu alitua umbali wa dhiraa moja.

"Ni malkia," binti alinong'ona. "Hana kiota bado. Hana wa kumlinda."

Alisimama mfano wa mnazi. Baba naye alisimama, si kwa ujasiri bali kwa sababu angekimbia mbele ya yule mtoto mara ya pili asingeweza kumtazama tena usoni. Moyo ulimdunda hadi masikioni. Malkia alikunywa, akainuka, akaelekea kwenye magofu. Binti alimaliza miguu yake, akapanda ngazi. Baba hakukumbuka kama amepaka kichwa maji au la, ikambidi aanze udhu upya.

Kiangazi cha pili tulikipitia kwa masharti: viatu wakati wote, mikono mirefu, kikombe kitazamwe kabla ya kunywewa, tende zifunikwe, mfuko wa dawa usiachwe. Binti hakuumwa tena. Bibi alitupa ile kawa tulipoondoka, na sasa ipo mezani kwetu Tanga. Kalamu ya sindano muda wake umekwisha, na tangu turudi tumeitafuta madukani bila kuipata. Tunachokijua ni njia fupi ya hospitali na namba za madereva wawili wa pikipiki wanaolala karibu.

Mwezi uliopita nyigu walijenga chini ya paa la mahali pa kutawadhia pa msikiti wetu. Kamati ilikutana baada ya isha. Mjumbe mmoja alipendekeza kijinga cha moto, wengine wakaafiki, na katibu akaomba kusema. Muhtasari wa kikao hicho unaonyesha kwamba iliamuliwa aitwe mtu mwenye vifaa, afanye kazi hiyo usiku, na kwamba hadi hapo watoto watumie mabomba ya upande wa mashariki. Alasiri ya siku ya pili mwenyekiti alituona tukitawadhia bomba la mwisho kabisa, mbali na kiota, tukaulizwa kama yale ya karibu hayatoi maji. Tulimwambia yanatoa, ila tunaogopa.